Tawakali ya Msafiri na Ganda la Sanduku

Katika maswali ambayo wacha Mungu wa kila zama wamejiuliza wasiyamalize, liko moja ambalo huonekana dogo mpaka mtu asimame mbele ya mizani ya uwanja wa ndege, mzigo wake mkononi na safu ya watu nyuma yake: mja anayeamini kwamba hifadhi yote yatoka kwa Mola wake ana ruhusa ya kujihifadhi kwa kiasi gani, na ni wapi hasa ambapo hadhari, iliyo amri, huvuka mpaka ikawa khofu, iliyo ugonjwa wa moyo? Hapa Hai Amarat, mtaa wa Juba ulio jirani na uwanja wa ndege, swali hilo halingoji kufunguliwa vitabu. Tangu asubuhi masanduku hupita njiani, mengine yamelazwa mapajani pa abiria wa bodaboda, mengine yakikokotwa kwa magurudumu ambayo hayakuundwa kwa ajili ya kokoto na vumbi: ya wafanyabiashara wa Kampala na Nairobi, ya watumishi wa mashirika ya misaada, ya Wahabeshi na Wasomali, ya watu wetu wa pwani waliofuata riziki huku tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na ya wenyeji wenyewe, ambao kwao kufunga mzigo ni elimu waliyorithishana vita baada ya vita.

Mengi kati ya hayo ni masanduku ya ganda gumu la plastiki au la alumini, ambayo mafundi wake wamekesha miaka mingi wakishindana na matakwa mawili yasiyopendana: liwe jepesi, na lisivunjike. Watu huliona shindano hilo kuwa la viwanda na faida. Mimi naliona kuwa ni jambo la dini pia, na makusudio yangu ni kuonyesha kwamba mikono ya mafundi hao, pengine bila ya wao wenyewe kuazimia, imelijibu swali la tawakali, yaani la kumtegemea Mungu, kwa uwazi unaowapita wengi wetu tulifafanualo kwa ndimi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida mzigo wa kilo 23, na hata alipaye zaidi aghalabu hapitishiwi kilo 32 katika kipande kimoja, kwa kuwa yuko binadamu mwenziwe atakayekiinua kwa mgongo wake. Ndani ya kilo hizo 23, sanduku nalo huhesabiwa. Likiwa tupu lina kilo tano, mwenyewe amebakiwa na kilo 18. Likiwa na kilo mbili na nusu, amebakiwa na 20 na nusu. Kila gramu ya ganda ni gramu iliyonyimwa kilichomo, na mtu atakaye usalama usio na ufa, akalinenepesha ganda mpaka lisivunjwe na kitu chochote, atafika mwisho wa safari na sanduku zima lisilo na kitu ndani yake. Ndivyo walivyo watu wengi tuwajuao, ambao wameutumia umri katika kujenga kuta za kuulinda umri.

Wanazuoni wa Kiislamu walilipambanua jambo hili zamani. Yajulikana khabari ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kisha ategemee. Lakini amfunge kwa kamba ngapi? Hapo ndipo Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki huko Tus mwaka 1111, alipozama kwa undani wake wa desturi, katika sehemu ile ya kitabu chake Ihya Ulum al-Din inayohusu tauhidi na tawakali. Anamtaja Ibrahim al-Khawwas, sufii aliyekuwa akizikata nyika na majangwa pasipo kuchukua chakula, kwa yakini kwamba mwenye kumruzuku yupo kila mahali. Na mtu huyohuyo, asiyebeba hata tende moja, hakuachana kamwe na vitu vinne: sindano, mkasi, kamba na kiriba. Sababu yake ilikuwa na nuru ya akili. Chakula chaweza kumjia msafiri kwa njia asiyoitazamia, ama kwa mpita njia au kwa mmea wa jangwani. Walakini kisima cha nyikani kina kina, wala hapana desturi ya kamba na ndoo kuota ukingoni mwake, na nguo ya fakiri ni moja, ikichanika uchi wake hufunuka na sala yake huingia dosari. Tazama, basi, mzigo wa walii huyo: kila kitu ndani yake kimeitwa na haja inayojulikana, na hapana hata kimoja kilichoitwa na wasiwasi.

Katika mlango huohuo Ghazali anasema kwamba kufunga mlango kwa kufuli unapotoka nyumbani hakuvunji tawakali, kwa kuwa ni kawaida ambayo Mwenyezi Mungu ameujalia ulimwengu uende kwayo. Ila si adabu ya mwenye kutegemea kupita kiasi, akarundika kufuli juu ya kufuli na kisha akawasihi majirani wakeshe. Anamtaja Malik bin Dinar wa Basra, ambaye hakuwa na kufuli, akiufunga mlango wake kwa uzi wa kamba tu, na kusema kwamba lau si mbwa hata uzi huo asingeufunga. Nimewaona abiria wakilizungushia sanduku lao karatasi ya nailoni tabaka kwa tabaka, wakalifunga mkanda, wakatia kufuli mbili, wakakaa ndani ya ndege wakiwa hawana raha kuliko asiyefunga kitu. Siwadharau. Kabla ya jengo jipya la uwanja wa Juba kufunguliwa mwaka 2018, watu walipokelewa na kuagwa chini ya mahema, na mzigo ulikuwa na mashaka mengi kati ya mkono wa anayetoa na mkono wa anayepokea. Nasema tu kwamba tabaka ya saba ya nailoni haikuongeza ulinzi wowote juu ya tabaka ya pili, na moyo wa aliyeizungusha ulijua hivyo.

Ndugu zetu Wakristo, ambao ndio wengi hapa Juba, wana mashindano hayo hayo ndani ya Injili yao. Luka asimulia kwamba Bwana wao aliwatuma wanafunzi wasichukue fimbo, wala mkoba, wala mkate, wala fedha, wala kanzu ya pili. Na Luka yuyo huyo asimulia kwamba usiku wa kuamkia mateso, Bwana huyo huyo aliwaambia kwamba sasa mwenye mfuko na auchukue, na mkoba vilevile. Wafasiri wamebishana sana hapo. Kwa ufahamu wangu ziko nyakati mbili za safari, wakati wa kupokelewa na wakati wa kufukuzwa, na hukumu ya mkoba hubadilika kwa kubadilika kwake. Watu wa nchi hii, waliokula chakula cha nyakati zote mbili, hawahitaji mfasiri. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, aliyezuru Juba mwezi wa Februari 2023, alionekana mwaka 2013 akipanda ndege ya kwenda Brazil na mkoba wake mweusi mkononi, jambo ambalo halikuzoeleka kwa wenye cheo chake, na alipoulizwa na waandishi kilichomo ndani akataja wembe wa kunyolea, kitabu cha sala, daftari ya miadi, na kitabu kimoja kuhusu Mtakatifu Teresia. Kati yake na al-Khawwas imepita zaidi ya miaka elfu moja, na mizigo yao ingalibadilishana mikono bila ya yeyote kati yao kulemewa.

Hata hivyo mfano ulio mkubwa kuliko yote, ambao Taurati na Kurani zimeafikiana juu yake, ni wa mwanamke. Kwa mujibu wa Kurani, mama yake Musa aliambiwa amtie mwanawe sandukuni na sanduku alitupe mtoni, na Taurati yaeleza alivyolifanya: alitwaa mafunjo, akalisuka, akalipaka lami. Mmea huo ungali wamea kwa wingi usio na hesabu katika Sudd, lile bwawa pana ambalo Mto Naili Mweupe huingia ndani yake baada ya kuziacha Juba na Bor, na ayakataye mafunjo ajua kwamba ndani yake mna sponji nyeupe iliyojaa hewa, na nje mna gome jembamba lililokaza. Laiti mama huyo angalichukua mbao nene, sanduku lingalimlinda mtoto na meno ya mamba, lakini mama wa mtoto mchanga asingaliweza kulibeba mpaka ukingoni kwa siri. Na lau angaliridhika na mafunjo matupu, maji yangaliingia. Akachagua kiini chepesi na ngozi nyembamba isiyopenya maji, kisha akamtuma dada wa mtoto afuate kwa mbali kulitazama liendako. Nani atathubutu kusema kwamba tawakali yake ilipungua kwa sababu ya ile lami? Wala lami haikumwokoa mtoto peke yake, maana kikapu kilicho bora kuliko vyote chaweza kukwama kwenye matete au kupinduliwa na wimbi. Alifanya lililo katika mkono wake, kwa ufundi wote aliokuwa nao, na akakomea pale mkono wake ulipokoma.

Tuingie sasa karakanani. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.8 hivi; ya alumini, 2.7, ya plastiki iitwayo polikaboneti, 1.2, na ya polipropilini, 0.9, ambayo huelea majini. Mtu aweza kudhani kwamba shauri limekwisha hapo, na kwamba fundi hana kazi ila kuchagua kilicho chepesi. Lakini bamba jembamba la kitu chepesi hulegea, na likibanwa hubonyea mpaka ndani. Ukilizidisha unene mara mbili, uthabiti wake dhidi ya kupindwa huongezeka mara nane, ambayo ni faida kubwa, ila uzito nao umekuwa mara mbili. Fundi asiyetaka kulipa thamani hiyo hulikunja. Katika karakana iliyoanzishwa na Paul Morszeck mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1898, moto uliunguza akiba ya mbao na ngozi, ukasaza alumini. Mwanawe Richard akatoa kasha la alumini mwaka 1937, na mwaka 1950 makasha ya karakana hiyo, iitwayo Rimowa, yakapata ile mifuo sambamba inayoyatambulisha mpaka leo, iliyoigwa kutoka kwa ngozi ya ndege ya Junkers F 13, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1919. Ni elimu ileile iliyo juu ya vichwa vyetu hapa mtaani, kwa maana bati la paa lisingalihimili hata uzito wa fundi anayelipigilia misumari lau lisingalikuwa na mawimbi.

Wanafalsafa waliorithi elimu ya Aristotle, na Ibn Sina akiwa mbele yao, walipambanua baina ya mada na sura: mada ndiyo kitu chenyewe kilichofanyiwa kazi, na sura ndiyo mpango unaokifanya kiwe kilivyo. Mfuo wa bamba ni sura tupu. Haukuongeza mada hata chembe, na umeongeza nguvu. Nafsi ya mwanadamu nayo ni bamba jembamba. Hatukupewa uwezo wa kuinenepesha, ila tumepewa mikunjo, nayo ni nyakati za sala, miezi ya saumu, siku ya mapumziko, nadhiri na miiko, mambo ambayo mtazamaji wa nje huyadhania kuwa ni mzigo juu ya mzigo, ilhali ndiyo yanayoifanya nafsi ibebe bila ya kupindika.

Polikaboneti ilipatikana mwaka 1953 kwa watu wawili wasiojuana shauri, Hermann Schnell wa Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, nayo ikaja kufunza jambo jingine. Kioo ni kigumu na chavunjika kwa sababu ya ugumu wake. Ganda la polikaboneti, likipigwa, hukubali: hubonyea, pigo likaenea katika eneo pana, nyuzi ndogo ndogo za dutu yake zikateleza kidogo zisikatike, kisha hurudi katika umbo lake na kuacha alama hafifu. Rimowa ilianza kulitumia kwa masanduku mwaka 2000, na leo limejaa duniani. Wahenga wetu wa maadili wamesema mengi juu ya subira, na wengi wameichora kama mwamba usiotikisika. Mimi, kwa niliyoyaona kwa watu wa Juba tangu vita vya Desemba 2013 na vile vya Julai 2016, sijamwona mwenye subira aliye mwamba. Niliowaona ni wale ambao pigo liliwaingia kweli, wakalia kweli, na baada ya kitambo wakarudi katika umbo lao, wakafungua duka, wakawapeleka watoto shule.

Namna ganda hilo lifanywavyo ina siri ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo zima. Bamba la plastiki hupashwa moto mpaka likalegea, likatandazwa juu ya kalibu, na hewa iliyo chini yake ikafyonzwa kwa nguvu hata bamba likashikamana na kalibu kila upande. Katika kushuka huko plastiki huvutika, na inapovutika zaidi, kufikia pembe, ndipo inapokuwa nyembamba zaidi. Sasa sanduku linapoanguka kutoka mkononi mwa mpakizi huangukia wapi? Huangukia pembe, aghalabu. Yaani kazi ya asili, ikiachwa ijiendee, hulitia udhaifu pale hasa ambapo ajali itapiga, na unene wa ziada huubakiza katikati ya ubavu, ambapo hapana pigo. Fundi mzembe hulitibu tatizo hili kwa kuchukua bamba nene zaidi kwa sanduku zima. Fundi hodari huiviringa pembe, ili pigo lisipate ncha ya kuishika. Hulipanga joto la bamba ili sehemu itakayovutika sana iwe na akiba. Hutia kikinga pale penye haja tu. Kisha hulitia sanduku lililojazwa mzigo ndani ya pipa kubwa linalozunguka, likaanguka na kuanguka, hulidondosha likiwa limegandishwa kwa baridi, huuvuta mpini wake maelfu ya mara, na kila linapovunjika hutazama ni wapi, akaongeza gramu hapo na kuziondoa kwingine.

Hili ndilo jibu la idadi ya kamba za ngamia. Hadhari iliyo halali ni ile iliyokwenda mahali pa pigo. Mtu anayejilinda kila upande kwa unene sawa hakuyatazama maisha yake, ameogopa tu. Aliyeyatazama hujua ni wapi atakapoanguka: mwingine ni katika fedha, mwingine katika hasira, mwingine katika kumpenda mtoto mmoja kupita wenziwe, na hapo hujiwekea mipaka mizito asiyohitaji kuibeba kwingineko. Na ulimwengu uliosalia humwachia Mwenye ulimwengu.

Mmoja wa wataalamu wa biashara hii walioliingiza jina la Maandiko ndani yake alikuwa Jesse Shwayder wa Denver, Marekani, aliyefungua karakana yake ya masanduku mwaka 1910 na kuliita sanduku lake Samson, jina ambalo baadaye lilizaa Samsonite. Ndugu wa ukoo wake walipigwa picha wamesimama wote juu ya ubao uliowekwa juu ya sanduku moja, kuthibitisha nguvu yake. Kadhalika alikuwa akiwagawia wafanyakazi wake gololi yenye ukanda ulioandikwa ile kanuni ya kumtendea mwenzio utakavyo kutendewa. Sijui kama alilifikiri jina hilo mpaka mwisho wake, lakini nalipenda kwa sababu hii: nguvu za Samsoni, kwa mujibu wa kitabu cha Waamuzi, hazikuwekwa katika mifupa wala katika misuli, bali katika nywele zake, kitu kilicho chepesi kuliko vyote mwilini, na zikawa nguvu maadamu nadhiri iliyofungamana na nywele hizo ilikuwa haijavunjwa.

Kampuni hiyohiyo ilitoa mwaka 2008 sanduku liitwalo Cosmolite, na humo ndimo nilimokuta khabari iliyonishughulisha kuliko zote. Ganda lake halikumwagwa, lilifumwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, wakiongozwa na Ian Ward, walikuwa wamegundua kwamba nyuzi za polipropilini zilizovutwa sana, zikifumwa na kubanwa kwa joto la kiasi maalumu, nyuso zake huyeyuka kidogo tu na kushikana, huku nyoyo za nyuzi zikibaki na nguvu zake zote. Kwa njia hiyo hupatikana bamba lililo jembamba na jepesi mno, ambalo si rahisi kulipasua. Na polipropilini iliyofumwa ni kitu gani kingine tukijuacho? Ni gunia la mahindi la msaada wa chakula. Ni ule mfuko wa miraba ambao Watanzania wauita shangazi kaja, uliofungwa zipu inayoachia, unaokwenda kichwani mwa mkimbizi. Sanduku la tajiri, ambalo bei yake yaweza kumlisha mtu miezi mingi, na mfuko wa fakiri asiye na pa kwenda, vimetoka katika dutu moja. Tofauti yao ni joto na kubanwa, yaani ni kazi na uangalifu ambao mmoja alipewa na mwingine akanyimwa.

Nalitafakari hilo kila nikumbukapo mwaka 2012, ambapo maelfu ya watu wa kusini walikuwa wamekwama katika bandari ya mto ya Kosti, huko Sudan, wakingoja matishari ya kuwarudisha katika nchi yao iliyokuwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Walikuwa na vitanda, makabati na mabati ya kuezekea, mali ya miaka ya ughaibuni. Mwisho wake takriban watu 12,000 waliletwa Juba kwa ndege kati ya Mei na Juni na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na ndege haichukui kabati. Kwa hiyo kila jamaa ililazimika kuhukumu, kwa siku chache, ni kipi kilicho kiini na ni kipi kilicho ganda. Wenye kuhubiri zuhudi wakiwa wamekaa wangenyamaza kidogo mbele ya watu hao. Zuhudi ni kuacha kitu kwa hiari. Kunyang'anywa hakuna thawabu hiyo, na wepesi uliolazimishwa na bunduki haufai kusifiwa na mtu yeyote.

Atakuja mtetezi wa sanduku la bati, na ana haki ya kusikilizwa. Mafundi wa Gikomba, Nairobi, na wa Katwe, Kampala, hulikata, hulikunja na kulipiga ribiti sanduku la mwanafunzi wa bweni, na likibonyea hunyooshwa kwa nyundo, likitoboka huzibwa kwa kiraka. Na kabla yao mababu zetu wa Unguja na Lamu walikuwa na makasha ya msaji yenye njumu za shaba, ambayo yangali yakirithiwa. Polikaboneti ikiisha kupasuka haina kiraka cha kuaminika, na kipande chake kitabaki ardhini muda ambao hakuna ajuaye mwisho wake. Nakubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Kwa mtu mwenye maskani, bati na msaji ni bora. Kwa mtu ambaye huhamishwa, gramu ni rehema. Lakini kosa la uimara unaopita haja ni kosa kweli, nalo Ghazali alilidokeza katika kitabu kilekile alipoifananisha tauhidi na jozi, yenye maganda mawili, kiini, na mafuta ndani ya kiini: ganda la nje, asema, halina kazi ila kuihifadhi jozi kwa muda, kisha hutupwa. Kikapu cha Musa kiliisha kazi yake pale watu wa Firauni walipokiinua, wala hapana aliyetaka kijue kukaa milele.

Hatari iliyo karibu zaidi ya uimara mno ni wepesi wa uongo. Yako masokoni masanduku yenye mng'aro, yaliyoandikwa polikaboneti ilhali ni plastiki hafifu iliyoyeyushwa mara ya pili, ambayo pembe zake hupasuka kwa anguko la kwanza, na aliyeyanunua ametoa akiba ya miezi. Mtume alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni Madina, vidole vyake vikakuta umande chini ya ukavu, alimuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone, akamtoa mwenye ghushi katika jamii yake. Sanduku ni nafaka hiyo hiyo. Mtu hawezi kuuona unene wa pembe kwa macho. Ameuamini mkono asioujua, wa nchi asiyoijua, na amana isiyoonekana ndiyo nzito kuliko amana zote. Ndani ya sanduku linalolazwa chini ya kitanda katika nyumba nyingi za mji huu mna vyeti vya shule vya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hati ya nyumba, picha ya marehemu, na sanda pengine. Fundi aliyepunguza gramu kwa kuiba hakuiba plastiki.

Kwa hiyo nawaomba wenye viwanda jambo moja lililo ndani ya uwezo wao. Tangu Bernard Sadow alipolitia sanduku magurudumu mwaka 1970, na rubani Robert Plath alipolisimamisha wima mwaka 1987, gurudumu ndilo kiungo kinachokufa kwanza, na juu ya njia zetu hufa mapema. Lakini katika masanduku mengi limepigwa ribiti kwa ndani, hata ganda zima likatupwa kwa kosa la mpira wa sentimita tano. Lifungeni kwa skrubu za kawaida, na mpini vilevile, na vipuri vyake viuzwe. Fundi wa soko la Konyokonyo hapa Juba, mwenye bisibisi moja atayamaliza yaliyosalia, na msafiri wetu atapata sanduku jepesi la ndege lenye umri wa sanduku la bati.